Maji Yakifika Kihamba cha Chini

Ndeshi mwanangu,

Salamu tulishapeana asubuhi ulipokuwa unatoka na ile sufuria ya Bibi ambayo mama yako ameiazima tangu Krismasi, kwa hiyo nazipita. Saa hizi najua uko Uru, umekalishwa kwenye kigoda cha jikoni, unalishwa mtori wa ndizi na nyama kana kwamba Dar es Salaam watu hawali. Utashuka jioni na mkungu wa ndizi ambao kondakta wa basi la kesho ataukataa, na Bibi ameshasema basi linalokataa ndizi si la kupanda. Nitakuambia uuchukue tu. Kwa kondakta tutaenda wote wawili.

Nakuandikia kutoka ofisini. Nyumbani hakukaliki, shangazi zako wameshafika kukuaga na wameanza kwa kula. Hamisi nimemruhusu aondoke mapema. Alinitazama kwa mashaka, maana miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, yeye akiandika programu na mimi nikichora na kusemezana na wateja, sijawahi kumruhusu mtu mapema. "Baba Ndeshi, leo u mzima kweli?" akauliza. Nikamwambia aende kabla sijabadili mawazo. Basi niko peke yangu, pamoja na wale jamaa wa duka la vifaa vya ujenzi huko chini ambao wamekuwa wakikata nondo tangu mchana.

Habari za sweta, za nani umpigie ukishuka na za kutokula vya njiani, mama yako ameshakuambia, na kesho stendi atakuambia tena kama habari mpya. Najua utamsikiliza kama hujawahi kusikia. Mimi nimebaki na habari za kazi yetu hii, ya kutengeneza tovuti za kugusika na gemu kwa ajili ya watu wengine, na jambo moja ambalo wewe na mimi tumelizunguka mwezi mzima bila kuligusa. Nalitaja hapa mwanzoni ili usisome barua yote ukilitafuta. Ni jina lako.

Uliniomba liandikwe kwenye ile gemu ya mfongo, ya kugawana maji, ili hao waajiri wako wapya waone kwamba uliibuni wewe. Walikuambia wazi: kama ni kazi yako unaanza kama mbunifu, kama ni kazi ya ofisi ya baba yako unaanza kama mwanafunzi, utaangaliwa kwanza. Nikakujibu tutaona. Na neno "tutaona" likitoka kinywani mwangu unalijua, umeishi nalo tangu ulipotaka baiskeli.

Nitafika hapo. Lakini mimi sijui kufika mahali bila kuzunguka, kwa hiyo vumilia.

Nilianza na brashi. Kabla sijajua tovuti ni kitu gani nilikuwa nachora mabango ya maduka pale Pasua, chini ya fundi mmoja mkali ambaye mkono wake haukukosea mstari. Bango la kwanza nililochora peke yangu lilikuwa la bucha. Nilimchora ng'ombe mwekundu mwenye macho ya upole kupita kiasi, hata mwenye bucha akalalamika kwamba ng'ombe huyu atawatia wateja huruma wasinunue. Lakini alilipokea. Kwenye kona ya chini nikaandika jina langu kwa herufi ndogo, kama wachoraji wa mabango wafanyavyo. Jioni fundi akaja, akalitazama bango, akachovya brashi kwenye rangi nyeupe, akalifuta jina langu na kuandika lake. "Karakana moja, jina moja," akasema, akaenda zake kunywa kahawa.

Hadithi hii umeisikia mara nyingi, na kila nikiisimulia huwa nacheka na kuigiza ile sauti ya fundi. Siku yenyewe sikucheka. Bango lilikaa pale miaka na miaka, ng'ombe akapauka mpaka akawa wa pinki, na kila nilipopita nilitazama ile kona kwanza ndipo nikamtazama ng'ombe. Hilo liweke pembeni, tutalihitaji.

Nilipohamia kwenye kompyuta nilidhani nimehitimu. Mteja wetu wa kwanza wa maana alikuwa mwenye kampuni ndogo ya kupandisha wageni mlimani, mtu mpole, mpagazi wa zamani aliyefika mpaka kuwa na ofisi yake. Alitaka tovuti ambayo mgeni akiigusa anachagua njia ya kupandia, anaona atapita wapi na atalala wapi. Mimi nikaona haitoshi. Nikamwekea theluji. Chembe za theluji zikawa zinaanguka ukurasa mzima, na ukizigusa zinakikwepa kidole. Hamisi alinionya kwamba itakuwa nzito. Nikamwambia yeye ni mtu wa hesabu, mambo ya uzuri aniachie.

Baada ya wiki chache mteja akanipigia. Hakufoka. "Kaka Elia," akasema, "kuna mgeni ameniambia tovuti yangu inapanda mlima polepole kuliko watu."

Niliifungua kwenye simu ya mama yako, ile yenye kioo kilichopasuka. Ikatoka chembe moja ya theluji, ikashuka kidogo, ikaganda hapo hapo. Mama yako akauliza hilo doa ni nini. Tangu siku ile hakuna kazi inayotoka ofisini kwetu bila kupita kwenye simu yake, ndiyo maana anazijua habari za wateja wote wa Moshi kabla hawajazitangaza. Huko uendako watakuwa na mashine za nguvu na bando lisiloisha. Wewe itafute mapema simu ya mtu kama mama yako, kabla hujaipenda kazi yako kiasi cha kutoona doa.

Halafu kuna yule dada wa batiki. Alitaka tovuti ambayo ukikigusa kitambaa rangi inatoa sauti: bluu unasikia mvua juu ya bati, njano unasikia kuku, kahawia unasikia mtu anatwanga. Wasanii ndio wateja watamu kuliko wote na ndio wanaokupoteza, kwa sababu wanakuamini. Kila alichoomba nilisema kinawezekana. Sikuwa najua kama kinawezekana. Nilipenda tu jinsi uso wake ulivyochangamka kila niliposema ndiyo, nikawa naendelea kusema.

Siku ya kumwonyesha ilipokaribia sikuwa na kitu, nikaanza kumkwepa. Nikiliona gauni lake sokoni nageuza njia. Simu yake ikiita naitazama mpaka inyamaze yenyewe. Lakini Moshi ni mji wa kumkwepa mtu? Jumamosi moja nikaenda kwenye kikao cha harusi ya mpwa wa mama yako, nikakuta mkuu wa mapambo ni yeye, na kiti kilichobaki wazi ni cha pembeni yake. Kikao kizima hakugusia tovuti. Walipofika kwenye kugawana kazi akasema kwa sauti ya upole, "Baba Ndeshi msimpe kitu jamani, ana mambo mengi." Watu wote wakanionea huruma. Mimi nilitamani sakafu ipasuke.

Mficha uchi hazai. Kesho yake nilimfuata kwake nikamwambia sijui namna ya kufanya nusu ya vile nilivyomwahidi. Akasema yeye angeridhika na rangi tatu tu, mradi zilie vizuri. Rangi tatu tuliziweza. Na ile sauti ya kuku ni ya kuku wetu, wewe ndiye uliyemkimbiza uani na simu mkononi, meno ya mbele huna, unampigia kelele aseme kitu. Mama yako anadai kazi hii umeirithi kwangu. Mimi nadhani ilikuingia siku ile kwa yule kuku.

Nayaandika haya nikijua mengine ulikuwepo. Sikufundishi. Nataka tu uwe nayo yote mahali pamoja, kwa mkono wangu, maana watu wanaposifu kazi zangu huwa wanaanza na zile zilizofanikiwa.

Sasa mfongo.

Wewe umezaliwa mjini, maji kwako ni bomba, na likikatika ni ndoo. Mimi nimekulia kwenye zamu. Mfongo wetu, ule mfereji unaotoka juu msituni, ulipita mgongoni mwa vihamba, na kila kihamba, yaani kila shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa yake, kilikuwa na siku yake ya maji. Siku yetu ikifika Bibi yako alipanda juu kufungua. Alitoa vipande vya mgomba na udongo vilivyoziba, akasimama pale pale na jembe lake. Mimi nilibaki chini kabisa, mwisho wa kihamba, miguu peku, kazi yangu moja tu: maji yakigusa vidole vyangu, niite "Yamefika!" Alikuwa haondoki kwenye mlango wa maji mpaka asikie sauti yangu. Mvua inyeshe, giza liingie, atasimama. Nikishaita ndipo anahesabu muda wake, na akitosheka anaziba mwenyewe ili maji yaende kwa jirani. Hakukuwa na wa kumsimamia.

Na babu yako, Mungu amrehemu, aliwahi kuchukua maji siku isiyo yake. Wazee wakamtoza debe la mbege, pombe yetu ya ndizi, wakaja kulinywea nyumbani kwake mwenyewe, wakimsifu mke wake kwa upishi. Alinyoosha mikono, akalipa, akanywa nao. Nililijua hilo tangu utotoni. Kwa hiyo nieleze wewe, kwa sababu mimi bado sijajieleza, mtu aliyelelewa hivyo aliwezaje kutengeneza gemu ya kuiba maji.

Unakumbuka ilivyoanza. Kile kikundi cha wakulima wa kahawa cha Uru, ambacho Bibi ni mwanachama, kilitaka tovuti ya kuwaonyesha wanunuzi wa nje, na ndani yake kitu cha kucheza, mtu aone kahawa inatoka wapi. Wazo la mfongo lilikuwa lako. Ulikaa na Bibi siku nzima ukimuuliza maswali mpaka akachoka akakutuma kukata majani ya ng'ombe. Ukarudi na gemu nzuri ajabu: mtu anafungua maji kwa kidole, yanashuka, migomba inapata rangi, kahawa inachanua, kisha anaziba ili yaendelee kwa mwingine. Hata milango ya maji uliichora kwa vipande vya mgomba.

"Mshindi ni nani?" nikakuuliza.

"Hakuna mshindi, Baba. Maji yakifika kihamba cha chini, imeisha."

"Mteja atakubali gemu isiyo na mshindi?"

"Baba, mteja ni Bibi."

Nilikucheka. Nilikuambia wewe ni mtoto, biashara huijui, kwamba wanunuzi wa nje wamezoea alama na saa na mtu kushinda. Ulipoenda Arusha kwenye harusi ya rafiki yako nikamkalisha Hamisi, nikamwamuru aweke saa, aweke alama, na aweke kitufe cha kuziba maji ya jirani. Ukimziba jirani kwa wakati wake, kahawa yako inaiva haraka zaidi. Nilikitia kitufe kile rangi nyekundu, nikakipenda. Hamisi, ambaye ni mtu wa Pasua na hajawahi kumiliki hata mgomba mmoja, ndiye aliyeguna. Mimi wa Uru sikuguna.

Siku ya kuonyesha, wazee wamekaa kwenye mabenchi karibu na vitanda vya kuanikia kahawa, ukampa Bibi simu. Nilisimama mbele na hotuba yangu tayari. Bibi akafungua maji, vizuri, kahawa yake ikachanua. Akaziba. Gemu ikamwakia nyekundu ikamwambia amepoteza.

"Kwa nini inanigombeza?" akauliza. "Kahawa yangu si imeshiba?"

Nikamweleza kwamba anatakiwa aendelee, amzibe jirani. Akanitazama. Wewe unaijua ile namna ya Bibi ya kukutazama, haina haraka. Kisha akampa simu yule mzee wa kofia ya sufu, wa kihamba kinachofuata chini yake, akamwambia, "Shika, zamu yako." Mzee akajaribu, akafika kwenye kitufe changu kizuri chekundu, akaiweka simu juu ya benchi polepole.

"Aisee Elia," akasema, "hii simu inataka nifunge maji ya mama yako. Nikiyafunga, kesho nitapita wapi kwenda kwangu?"

Hakuna aliyecheka. Wakaanza kuongea habari za mbolea. Wazee wetu wakikuonea aibu huwa wanahama mazungumzo, na siku ile walihama mbali sana. Mimi nilibaki na hotuba yangu. Nilikutazama wewe nyuma pale, umekumbatia kompyuta, nikasubiri uniambie, "Si nilikuambia?" Hukusema. Njia nzima ya kushuka mjini hukusema, na mimi ningelipia chochote useme, maana ungesema ningepata sababu ya kukukaripia. Tulipofika hapa juu ofisini ndipo nikakuuliza ile yako kama bado unayo.

"Ninayo," ukasema, ukaifungua.

Ulikuwa umeiongezea sauti. Maji yalipofika kihamba cha mwisho, Bibi yako akaita kutoka ndani ya simu, "Yamefika!" Ulikuwa umemrekodi, amesimama mwisho wa kihamba kile kile, ananiigiza mimi nilivyokuwa nikiita. Niliinuka nikaenda kusimama dirishani. Ulidhani nimekasirika. Nilikuwa nalia, Ndeshi, kwa mara ya kwanza tangu tumzike babu yako, na nilikuwa na aibu kulia mbele ya Hamisi.

Kilichofuata unakijua. Tulipeleka gemu yako, na wazee hawakutaka kila mtu na simu yake, walitaka moja ipite benchi hadi benchi, mtu akimaliza anampa wa chini yake. Wanunuzi wakaipenda. Watu wa hoteli wakaja, watu wa shule wakaja, kila mmoja akitaka na yeye kitu cha namna ile. Wakanikuta mimi hapa mezani. "Elia, umebuni kitu," wakasema.

Nikasema asante.

Neno dogo kama hilo. Sikudanganya, sikusema nimebuni mimi. Nilisema asante, na kesho yake nikasema tena, na baada ya hapo ikawa haina mlango wa kutokea. Kwenye skrini ya kwanza tukaandika jina la karakana yetu peke yake. Wewe ulisoma, ukaendelea na kazi. Kisha ikaja habari ya Dar, na ombi lako, na "tutaona" yangu.

Juzi mezani nikajifanya mwenye hekima. Nilisema mcheza kwao hutunzwa, kwamba mtu haachi ofisi ya nyumbani akaenda kuanza chini kwa watu. Ukaweka kijiko. "Hutunzwa, Baba," ukasema. "Mimi sikutunzwa." Mama yako akaacha kupakua. Nikasimama, nikasema naenda kuangalia kama geti limefungwa, na geti letu unajua halijawahi kufungika.

Nilikaa pale getini nikamwona ng'ombe wa bucha. Sitanii. Nilimwona na macho yake ya upole, na ile kona.

Niliogopa, mwanangu. Hilo ndilo lililokuwa ndani ya "tutaona". Niliona jina lako likiwa kwenye gemu, basi gemu itaondoka na wewe, na wale wanaopanda ngazi hizi watauliza Ndeshi yuko wapi, na mimi nitabaki hapa na theluji yangu. Nimekuwa mtu wa kusifiwa kwa muda mfupi tu maishani, nikaushikilia. Na kuna la pili, la kijinga zaidi: nilijiambia ukikosa lile jina pengine hutaenda. Ndivyo nilivyokusudia kukubakiza. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa maji nimeuziba, halafu najiita mtu wa Uru. Nisamehe kwa hilo. Sikuharakishi, nisamehe ukiwa tayari.

Leo mchana, Hamisi alipoondoka, nilichukua ubao na brashi zangu za zamani. Moja tu ndiyo ilikuwa bado na nywele za kutosha. Nikaandika jina lako kwa rangi, kama bango. Herufi ya kwanza ilienda upande, nikaifuta nikaanza upya, ya pili ikakaa. Nikaupiga ubao picha, nikafungua gemu ili niiweke picha ile kwenye kona. Sasa unajua ufundi wangu kwenye programu ulivyo. Niligusa nisipopajua, gemu nzima ikawa nyeupe, haina mfongo wala mgomba. Nilitoka jasho. Nikampigia Hamisi, akaniongoza kwa simu hatua kwa hatua huku akitafuna, na mara mbili nilimsikia akimwambia mke wake, "Hapana, hajambo, anafuta kazi ya mtoto tu." Lakini imerudi. Skrini ya kwanza, kona ya chini, jina lako peke yake. La karakana nimelipeleka mwisho, mahali pake.

Kisha nikampigia yule dada wa huko Dar, aliyekuhoji kwa ajili ya kazi. Niliogopa kukupa wewe ujumbe umpelekee, ungesema baba amengoja kujutia mpaka stendi. Nilimwambia gemu ya mfongo imebuniwa na Ndeshi kuanzia tone la kwanza, kwamba mimi mwenye ofisi nilijaribu kuiharibu na kwa siku moja nilifaulu. Akacheka. Akasema basi watakuweka kwenye meza ya wabunifu, na akauliza kama huku bado kuna mwingine kama wewe. Nikamwambia hakuna, na nikakata simu.

Sasa wale jamaa wa nondo wameacha kukata, wanafunga duka. Mlima umejifunika tangu asubuhi kwa hiyo hata wewe huko Uru hukuuona, utauona siku ukirudi. Nitaifunga barua hii na kuiweka kwenye begi lako chini ya sweta, mahali ambapo nina hakika hutafika kabla ya Dar, kwa jinsi unavyozichukia sweta. Kwa hiyo ukisoma hapa, umeshaenda.

Kuna siku mteja atataka kitufe chekundu. Watakuwa wengi, na wengine watakuwa watu wema wenye kazi nzuri, na pengine siku hiyo utakuwa umechoka na utakitengeneza. Haitakuwa mwisho wa dunia. Mpe simu mtu kama Bibi, ukae kimya, utazame kidole chake kinasita wapi. Mimi sikuwa na cha kukuachia kingine, na hicho nimekichukua kwako.

Na ukimaliza kusoma, usiandike mengi. Najua utakuwa na joto na uchovu, na mama yako atakuwa na maswali yake. Mimi nipigie tu mara moja, hata ikiwa katikati ya kelele za huko, uniambie yamefika. Nitakuwa nimesimama hapa juu nasikiliza, na siondoki mpaka niisikie sauti yako.

Baba yako,
Elia